Kura na Bunduki

Udikteta hauingii kila mara kwa kuvunja mlango. Mara nyingi hufunguliwa. Mwezi Oktoba 1922, Mfalme wa Italia, nchi yenye bunge, alikataa kutia sahihi amri ya hali ya hatari, kisha akamkabidhi Mussolini serikali.

Hapa Burundi, wananchi walichagua wabunge mwezi Mei 1965. Tarehe 28 Novemba 1966 Michel Micombero alitwaa madaraka kwa nguvu za jeshi. Vyama havikushindana tena katika uchaguzi hadi 1993. Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa Juni mwaka huo, aliuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba, vita vikafuata.

Katiba haijilindi yenyewe. Askari aliyekula kiapo na aelewe: funguo za mlango huo anazo yeye.