Mfalme Aliyeitwa Mchawi

Vijana wengi hupenda hadithi za kubuni zenye dola ya jangwani ndani yake: miji ya udongo katikati ya mchanga, misafara ya ngamia, mfalme mwenye hirizi asiyepatwa na mshale, na shujaa ajaye kumwangusha. Kitabu cha kwanza kikiisha, msomaji hukaa akingoja cha pili, apate kujua mrithi wa yule mchawi atatawala kwa namna gani. Sina neno baya juu ya hadithi hizo. Lakini dola ya namna hiyo ilipata kuwako kweli katika Afrika, na sehemu yake ya kwanza na ya pili zilitendeka kabla ya kuandikwa. Jina lake ni Songhai.

Mto Niger huanzia katika milima ya Guinea, si mbali sana na bahari. Walakini badala ya kuteremkia baharini hushika njia ya kaskazini-mashariki, ukaenda hata ukingoni mwa Sahara, ndipo hugeuka kama upinde na kushuka kusini mpaka nchi ya Nigeria. Safari yake hupita kilomita 4,000. Penye upinde huo imekaa miji ya Timbuktu na Gao, ambayo leo imo katika nchi ya Mali. Upande mmoja wa miji hiyo ni maji, samaki na mpunga. Upande wa pili ni mchanga usio na mwisho. Chumvi ilitoka jangwani, dhahabu ilitoka kusini, na mwenye kushika upinde wa mto alishika vyote viwili.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita katika machimbo ya chumvi ya Taghaza mwaka 1352. Aliona nyumba na msikiti vilivyojengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Kisha akafika Gao, akakuta watu wakinunua na kuuza kwa kauri, vile vikombe vidogo ambavyo asili yake ni visiwa vya Bahari ya Hindi. Wakati huo Gao ilikuwa chini ya wafalme wa Mali. Mali ilipodhoofika, Wasonghai walisimama peke yao, na mwaka 1464 akatawazwa mfalme aliyeitwa Sonni Ali.

Huyu alitawala miaka 28, na katika muda huo hakuketi. Alikuwa na wapanda farasi, na tena alikuwa na jambo ambalo wafalme wa jangwani hawakuwa nalo, yaani majeshi ya mtoni, yenye mitumbwi mingi ya kuchukua askari na chakula. Alizingira mji wa Jenne uliozungukwa na maji. Mapokeo husema kwamba alikaa mbele yake miaka saba, miezi saba na siku saba. Hesabu hiyo ni nzuri mno hata mtu akaitilia shaka, lakini kwamba mji ulishindwa, yapata mwaka 1473, hapana shaka. Alipoupata hakuuteketeza. Alimketisha kijana aliyekuwa mtawala wake juu ya mkeka mmoja na yeye. Baadaye alianza kuchimba mfereji kutoka maji ya Ras el-Ma ili mitumbwi yake ifike Walata, mji wa jangwani! Kazi hiyo iliachwa aliposikia kwamba Wamosi wanakuja kumpiga. Akarudi, akawashinda mwaka 1483. Mtu awezaye kuwaza kupeleka mashua jangwani si ajabu watu wakimzulia kwamba huruka angani.

Lakini jambo lililomharibia jina ni Timbuktu. Mji huo ulikuwa mji wa elimu, na wanavyuoni wa msikiti wa Sankore waliheshimiwa kuliko matajiri. Ulikuwa chini ya Watuareg, na chifu wao Akil aliwaudhi wakuu wa mji hata wakamwita Sonni Ali kwa siri. Mwaka 1468 majeshi yake yalionekana ng'ambo ya mto. Akil akakimbia siku ile ile, akawachukua wanavyuoni wengi pamoja naye kwa ngamia 1,000, kwenda Walata. Mwandishi wa habari hizi asema kwamba ilikuwa taabu kubwa: watu wazima wenye ndevu walitetemeka walipoambiwa wapande ngamia, na mnyama alipoinuka wakaanguka chini. Sababu yake, asema, ni kwamba wazee wa zamani waliwafungia watoto wao ndani wasome, wasitoke kucheza, hata wakakua bila kujua lolote la dunia. Tangu siku ile watu wa Timbuktu wakawaruhusu watoto wao kucheza. Naliona jambo hilo dogo kuwa la thamani kuliko orodha ndefu ya vita.

Waliobaki hawakupona. Sonni Ali aliwaua wanavyuoni wengi na kuwadhili wengine, kwa kuwa aliwashuku kuwa rafiki za Watuareg. Siandiki haya ili kumtakasa. Damu ilimwagika, na waliomwagiwa damu yao walikuwa watu wasio na silaha.

Sasa natuulize: habari za uchawi wake zatoka wapi? Kitabu kikubwa kinachosimulia dola hiyo ni Tarikh al-Sudan, kilichoandikwa kwa Kiarabu na Abd al-Rahman al-Sa'di, mtu wa Timbuktu, yapata mwaka 1655. Yaani Sonni Ali alikuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 160. Al-Sa'di alizaliwa baada ya dola kuanguka, akawa karani chini ya watawala waliotoka Moroko, na wazee waliomlea katika elimu walikuwa warithi wa wale walioanguka kutoka juu ya ngamia. Kwake Sonni Ali ni dhalimu, fasiki, mmwaga damu. Asimulia kwamba mfalme huyo aliahirisha sala zake zote mpaka usiku au kesho yake, kisha akaketi, akazitaja moja moja kwa majina huku akiinama kidogo, na mwisho akaziambia zigawane zenyewe, kwa maana zajuana. Msomaji hucheka, na pengine mfalme naye alicheka.

Kifo chake ni cha mwaka 1492, alipokuwa akirudi kutoka vitani katika nchi ya Gurma. Al-Sa'di asema alizama katika kijito kilichofurika, na wanawe wakampasua tumbo, wakatoa matumbo, wakamjaza asali ili asioze. Mwanawe Abu Bakr, aitwaye Baru, akashika kiti.

Hapo ndipo ianzapo sehemu ya pili. Mmoja wa majemadari wa Sonni Ali, jina lake Muhammad, hakumkubali Baru. Mwezi wa Aprili mwaka 1493 walipigana, Baru akashindwa, na Muhammad akawa mfalme. Jina la enzi alilotwaa ni Askia. Husimuliwa kwamba binti za Sonni Ali waliposikia habari walilia kwa lugha yao wakisema kwamba hatakuwa mfalme, naye akaamuru kilio hicho kiwe ndicho cheo chake. Ikiwa ni kweli au ni hadithi ya barazani, yaonyesha kwamba kila mtu alijua kiti kile hakikuwa cha ukoo wake.

Hiyo ndiyo shida aliyokuwa nayo Askia Muhammad. Alikuwa na nguvu, lakini hakuwa na haki ya kuzaliwa. Wafalme wa ukoo wa Sonni walitawala kwa nasaba na kwa nguvu za siri ambazo watu waliziamini. Yeye hakuwa na hiki wala kile. Ilimpasa atafute haki mahali pengine. Akaenda kuhiji Makka, akaondoka mwaka 1496 na kurudi mwaka 1498, na yasemwa alichukua dinari 300,000 za dhahabu. Njiani, huko Misri, Khalifa wa ukoo wa Abbas alimfanya naibu wake katika nchi za Sudani, maana yake nchi za watu weusi. Aliwarudishia wanavyuoni wa Timbuktu heshima yao. Kisha akamwuliza maswali mwanachuoni mmoja mkali, Muhammad al-Maghili, mwenyeji wa Tlemcen katika nchi iitwayo leo Algeria.

Maswali hayo na majibu yake yamehifadhiwa hata leo, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyatazama kwa makini. Askia aeleza kwamba mama yake Sonni Ali alitoka Fara, kwa watu walioabudu masanamu na kuheshimu miti na mawe, na kwamba Ali alilelewa kwa wajomba zake. Aeleza kwamba alitamka shahada, akafunga Ramadhani na kutoa sadaka, lakini papo hapo aliendea waganga na wachawi. Kisha auliza: Je, mtu huyo ni Mwislamu au kafiri? Na mali yake, na watu wake, hukumu yao ni nini? Al-Maghili akajibu kwamba ni kafiri, na kwamba vita vya Askia vilikuwa jihadi iliyo bora.

Tazama faida ya jibu hilo. Ikiwa Sonni Ali alikuwa Mwislamu, Askia ni askari aliyemwasi bwana wake na kumnyang'anya mtoto wake urithi. Ikiwa Sonni Ali alikuwa mchawi, Askia ni mtumishi wa Mungu aliyesafisha nchi. Neno moja liligeuza uasi ukawa ibada. Tena mwulizaji ndiye aliyeeleza habari zote. Mshtakiwa alikuwa kaburini, na mwanawe alikuwa amekwisha kufukuzwa. Sisemi kwamba Askia alisema uongo. Huenda Sonni Ali aliwaendea waganga, na wafalme wangapi hawakuwaendea? Lakini mashtaka yasemwayo na aliyerithi kiti husikilizwa kwa sikio moja wazi na jingine nusu.

Na huyo mrithi, alipotawala, hakuyatupa mambo ya yule mchawi. Majeshi ya mtoni aliyaweka. Watumwa wa mfalme walibaki wa mfalme. Katika baraza ya akina Askia watu waliendelea kuanguka kifudifudi na kujitia vumbi kichwani, desturi ya kale isiyotoka Makka. Akaipanua dola mpaka Agadez katika nchi ya leo ya Niger, na kuwapiga Wamosi kwa jina la jihadi kama Ali alivyowapiga kwa jina lake mwenyewe. Pamoja na hayo nchi ilipata neema. Leo Africanus, ambaye habari zake zilipigwa chapa mwaka 1550, asema kwamba katika Timbuktu vitabu vilileta faida kuliko bidhaa nyinginezo.

Mwisho wake haukuwa mtamu. Alipozeeka na kupofuka, mwanawe Musa alimwondoa katika kiti, mwaka 1529 au karibu na hapo. Baadaye alipelekwa kisiwani mtoni, akakaa huko mpaka mwana mwingine akamrudisha Gao, akafa mwaka 1538. Wajukuu wakagombana. Mwezi wa Machi mwaka 1591, huko Tondibi, jeshi la sultani wa Moroko lililovuka jangwa, lenye watu wapatao 4,000 chini ya Judar Pasha, liliwashinda Wasonghai kwa bunduki. Wasonghai walikuwa wengi zaidi sana. Hirizi za hawa na dua za wale hazikuzuia risasi. Al-Sa'di aliandika katika magofu ya ushindi huo, naye alipotazama nyuma aliona nyakati za Askia zinang'aa. Apendaye nuru huipiga rangi nyeusi nyumba ya jirani ili nuru ionekane.

Walakini iko kumbukumbu nyingine isiyopita kwenye karatasi. Katika vijiji vya Wasonghai wako waganga waitwao sohantye, wasemao kwamba wao ni uzao wa Sonni Ali. Mfaransa Jean Rouch alikaa sana na watu hao na kutoa kitabu juu ya dini na uchawi wa Wasonghai mwaka 1960. Kwao Ali si fasiki. Ni babu mkuu, mwenye maneno ya nguvu, aliyegeuka tumbusi akapaa angani na kutua vitani. Hawamlaumu kwa uchawi; humsifu kwao. Jambo lile lile lililokuwa shtaka katika kitabu ni taji katika kijiji.

Huko Gao lasimama mpaka leo kaburi la Askia, jengo la udongo lenye kimo cha mita 17, lenye miti iliyochomoza pande zote kama miiba. Lilijengwa mwaka 1495, na wenyeji hulipaka udongo upya kwa mikono yao.

Nimebakiza jambo moja, na al-Sa'di mwenyewe ndiye aliyeliandika. Pamoja na mabaya yote aliyomhesabia Sonni Ali, akiri kwamba mfalme huyo aliijua thamani ya wanavyuoni, na wengine aliwatendea mema. Alipowashinda Wafulani aliwapeleka mateka wao wa kike Timbuktu, wawe zawadi kwa wakubwa na wanavyuoni wa mji. Wasiojali dini yao waliwafanya masuria. Wenye kumcha Mungu waliwaoa kwa ndoa. Mmoja wa hao waliooa, asema mwandishi, alikuwa babu wa ukoo wake, na yule mwanamke Mfulani, aliyeletwa na mkono wa mchawi, ni bibi katika nasaba yake mwenyewe.