Kufa ukiwa na mtu pembeni: somo la Ebola Beni na Butembo

Tukisikia habari za mgonjwa kuomba munganga amusaidie kufa, tunasema hayo ni mambo ya Ulaya. Ubelgiji ina sheria hiyo tangu 2002. Swali lao ni hili: nani ana haki ya kuamua saa ya kufa? Sisi historia ilituletea swali lingine: saa ile ikifika, nani atakaa pembeni yako?

Ebola ilitangazwa tarehe 1/8/2018, ikianzia Mangina, na ikaisha 25/6/2020. Wagonjwa 3.470, vifo 2.287. Ile wakati nilikuwa bado mwanafunzi. Mutu akiingia CTE, alihudumiwa na watu waliofunikwa kichwa mpaka miguu, hata uso hauonekani. Jamaa walibaki inje ya uzio. Akifa, ekipi ilimuzika, bila jamaa kumugusa wala kumuosha. Kwetu, kuacha mgonjwa afe peke yake ni kumutupa.

Wengi walisema sisi ni wajinga na wakaidi. Mimi sikubali. Imani ilikuwa imeshavunjika: mauaji eneo la Beni tangu 2014, kisha uchaguzi wa 30/12/2018 kuahirishwa Beni na Butembo. Juu ya hayo, watu waliogopa kufa kati ya wageni. Wengine walificha wagonjwa nyumbani, na ugonjwa ukaenea. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19/4 Dkt. Richard Mouzoko wa OMS aliuawa Butembo. Woga unaeleweka, kuua munganga hakuna wa kukutetea.

Kilichosaidia ni nini? Beni, ALIMA ilileta CUBE, chumba chenye kuta za plastiki inayopitisha macho: mama anaona mtoto wake, wanaongea. Waliopona walirudi kulea watoto na kushika mikono ya wagonjwa. Na utafiti wa dawa, uliotangazwa mwezi wa nane 2019, ulionyesha kwamba anayekuja mapema ana nafasi kubwa zaidi ya kupona. Lakini nani atakuja mapema mahali anapoona ni kaburi? Njo maana nasema heshima ilikuwa sehemu ya dawa.

Sasa, kuhusu kusaidiwa kufa: mimi bado nasema hapana, kwa sababu moja. Mutu anayeomba kufa kwa maumivu ambayo hakuna aliyeyatuliza, au kwa upweke, hajapewa uchaguzi. Jirani zetu Uganda, Hospice Africa inatoa morfini ya kunywa tangu 1993, na tangu 2004 hata wauguzi waliofundishwa wanaruhusiwa kuiandika. Kwetu, vijijini, wangapi wanakufa na paracetamol tu?

Tuanzie pale: dawa ya maumivu, na kiti kimoja pembeni ya kitanda. Kiisha tuongee juu ya sheria. Wewe unaonaje?