Wingu ao flashi? Tuulize kwanza Yangambi

Ndugu zangu wa promosheni zote, na ninyi mafinalisti munaosoma hapa usiku juu mega za usiku ni bei ya chini, swali limezunguka kati yetu wiki nzima: TFC, mémoire na data za tereni, mtu aziweke ku wingu, ao abaki na flashi na diski yake? Wengi walijibu sawa vile watu wanachagua ekipe ya mpira. Mimi ni agronome, si mtu wa informatiki. Lakini fani yetu ilikutana na swali hili mbele kompyuta haijaingia ofisi hata moja, na ilijibu kwa karatasi, mimea mikavu na maboksi. Njo maana nataka tupite kwanza Yangambi.

Yangambi iko ku ukingo wa kuume wa mto Kongo, karibu kilometa 100 chini ya Kisangani. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa. Kila mutu aliyesoma agronomia kwetu alisikia habari ya Beirnaert na Vanderweyen, ambao mwaka 1941 walionyesha kwamba mchikichi wa tenera ni mtoto wa dura na pisifera. Mashamba ya mawese ya dunia nzima yanasimama juu ya hesabu zile. Lakini kazi kubwa ya Yangambi haikuwa ya watu wawili. Ilikuwa kuandika: mvua ya leo, joto la leo, unyevu wa leo, kesho tena. Tangu 1937 hadi ndani ya miaka ya 1950, watu walifuata miti mingi ya msitu, aina zaidi ya 500, wakiandika ni juma gani mti unatoa maua, unazaa ao unaangusha majani. Aliyefanya tereni hata miezi mitatu anajua hiyo ni jasho gani.

Sasa, vitu hivi walivihifadhi namna gani?

Kwa mimea, jibu liko wazi. Mtu wa herbariamu akikata tawi, hakati moja. Anakata matatu, mane, matano ya mti uleule, siku ileile, na yote anayapa namba moja pamoja na jina lake. Moja linabaki Yangambi, yale mengine, ambayo kwa Kifaransa tunaita « doubles », yanasafiri: Ubelgiji, ku bustani ya mimea ya taifa ambayo leo iko Meise karibu na Bruxelles, na ku herbariamu zingine. Ile ya Yangambi mpaka leo inahesabiwa sampuli karibu 150.000. Uzuri si wingi ule tu. Uzuri ni ile namba. Ukiwa na jina la mkusanyaji na namba yake, unaweza kuuliza sehemu yoyote ya dunia: je, muko na ndugu wa karatasi hii? (Linganisha na sisi: « TFC final », « TFC final corrigé », « TFC final corrigé 2 bon ». Nani atajua ipi ni ipi kisha miaka tano?)

Desturi hiyo ilipimwa kwa moto. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, mabomu yaliunguza sehemu kubwa ya herbariamu ya Berlin. Mule mulikuwa sampuli za kwanza za mimea mingi ya Afrika, ile ambayo majina ya kisayansi yalitolewa juu yake, hata ya Rwanda, Burundi na Tanganyika za wakati wa Wajerumani. Zilizokuwa na doubles mu miji mingine, wataalamu walizifuata kwa namba na kuendelea na kazi. Zilizokuwa peke yake zikawa majivu, na mpaka leo kuna majina ya mimea yanayoleta shida juu hakuna tena kitu cha kuangalia.

Turudi kwetu. 1960, uhuru. INEAC ilikuwa na makao yake ya uongozi Bruxelles, na karatasi zake nyingi zilikuwa kule. Wataalamu Wabelgiji wakaondoka. 1964, uasi wa Simba ukateka Kisangani, wakati ule bado Stanleyville. 1970 ikazaliwa INERA kurithi vituo. Kisha 1996, 1998, na mwaka 2000 majeshi mawili ya kigeni yakapigana ndani ya Kisangani penyewe. Kwa hiyo ukiuliza tu « karatasi zilipona wapi? », jibu ni kwamba copy ya mbali ilifanya kazi yake: jalada za INEAC zilikaa salama Ubelgiji, mvua ya miaka ya 1950 ikiwa imeandikwa ndani. Watu wa wingu, pigeni makofi.

Lakini musiharakishe. Jalada ile ilikuwa salama kwa nani? Mwanafunzi wa Kisangani aliyetaka kulinganisha mvua ya leo na ile ya wakati wa babu yake, alihitaji visa, tiketi ya ndege na mtu wa kumfungulia mlango Bruxelles. Data ilitoka mu udongo wetu, ikalala salama, na sisi hatukuweza kuifungua. Ni mu miaka ya 2010 tu njo watafiti walianza kupiga picha na kuskani majedwali yale ili yaingie mu kompyuta. Mradi moja unaitwa COBECORE. Mwingine, Jungle Rhythms, ulipeleka majedwali ya miti ku intaneti, watu wa kujitolea wa kila nchi wakasaidia kuyasoma mstari kwa mstari. Kwa maoni yangu, hapo njo somo lote liko: kuna kuhifadhi, na kuna kufikia. Ni vitu viwili, na mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Ingiza sasa simu yako mu hadithi hii. Gmail ilikuja 2004 ikiwa na giga moja ya bure, na watu wengi walifikiri ni mzaha juu ilitoka tarehe 1 Aprili. Dropbox ikafuata 2008, Google Drive 2012. Nafasi ya bure ya Google ni giga 15, na imeili, faili na picha vinakula ku sahani moja. Kwa muda, picha zilikuwa zinapanda bila kuhesabiwa; tarehe 1 Juni 2021 hiyo ikaisha. Tangu Desemba 2023, konti ambayo haijafunguliwa miaka mbili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Hakuna mtu aliyeibiwa hapo, masharti yaliandikwa. Ila ile nyumba ni ya mwenyewe, na mwenyewe anaweza kubadilisha kodi.

Tena wingu liko chini, si juu. Ni nyumba yenye mashine, inakula umeme, na inaungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni OVH liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao copy yao ya pili ilikuwa palepale walipoteza vyote. Mbele ya hiyo, Januari 2012, Marekani ilifunga Megaupload. Watu waliokuwa wameweka mule kazi zao za halali walibaki nje pamoja na waliokuwa wameweka filamu za wizi. Na ninyi munaosema wakubwa hawawezi kukosea: Februari 2011 kosa la programu lilifuta imeili za watu kadhaa ku Gmail. Google ilizirudisha kutoka wapi? Ku bande, ile tepu ya sumaku, iliyokuwa imewekwa pembeni, mbali na mtandao. Hata mwenye wingu alikuwa na kabati lake.

Kwetu kuna tena swali la njia. Kabla ya 2013, Kongo haikuwa na kebo ya bahari ikitua Muanda. Tulipitia satelaiti, polepole na bei kali. Kebo WACS ilipokuja tulifurahi. Lakini Januari 2020, kisha mafuriko makubwa ya mto, matope na mchanga yaliporomoka ndani ya bonde la chini ya bahari ambalo mto wetu unachonga tangu mdomo wake, yakatembea zaidi ya kilometa 1.000 na kukata WACS pamoja na kebo SAT-3. Agosti 2023 kebo hizo mbili zikakatika tena ku bonde lilelile. Mimi mtu wa udongo nilicheka kidogo kwa uchungu: udongo ambao unaacha vilima vyetu unaweza kwenda kukata Drive yako. Na kuna mikato ya watu. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilizimwa karibu wiki tatu nchi nzima. Aliyekuwa na mémoire yake ku wingu peke yake, alikuwa mu hali ya yule mwanafunzi wa Kisangani: kitu ni chake, kiko salama, hawezi kukifungua.

Watu wa flashi, musijisifu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka pembeni ya Goma. Tarehe 27 amri ikatoka ya kuhama sehemu kubwa ya mji. Watu walitoka na watoto, godoro, jiko. Mwaka 2002 lava ilikuwa imepita katikati ya mji penyewe. Kompyuta na diski ya nje vikiwa ku meza moja, hiyo si copy mbili. Ni copy moja mu maboksi mawili.

Na bila volkano, kuna sekretaria, ile duka ya kupiga fotokopi na kuchapa. Unachomeka flashi, virusi inaficha faili zako zote na kuacha « raccourci » tupu mahali pake. Njo ugonjwa wa kawaida kabisa wa mafinalisti. Tena angalia ku skrini ya mashine ile: diplome za watu, kadi za uchaguzi, barua za kuomba kazi, vyote viko pale kwa kila anayepita. Hatuzungumzi sana juu ya hiyo, na tungepaswa.

Mimi nafanya sawa watu wa herbariamu. Data ya kila shamba inapata namba na tarehe kwa mtindo mmoja: mwaka, mwezi, siku, mahali, parseli. Copy moja iko ku mashine. Ya pili iko ku diski inayolala kwa shangazi yangu, mtaa mwingine, haichomekwi ovyo. Ya tatu iko ku wingu, na naipandisha mwenyewe. Siachi simu ifanye kila kitu kivyake, juu ukifuta faili upande mmoja, mashine inafuta na upande wa pili kwa utii kabisa, na kapu la takataka la Drive linajimwaga kisha siku 30. Namba ya simu inayopokea kodi ya kufungulia konti, hakikisha bado ni yako. SIM ikipotea na namba ikapewa mtu mwingine, mlango wa wingu umefungwa na wewe uko nje. Madaftari ya tereni, yale yenye matope, situpi.

Jambo la mwisho, kwa komite yetu. Mu maktaba ya fakilte moja ninayoifahamu, kuna rafu mbili zinazoangaliana. Upande moja TFC za miaka ya 1980, zimepigwa kwa mashine ya kuandikia, karatasi imekuwa ya njano. Upande wa pili mémoires za wakati wetu, na nyuma ya kila moja CD mu bahasha, juu ilikuwa lazima kuweka CD. Kompyuta za wanafunzi wa leo hazina tena pa kuingizia CD. Nilijaribu sita ku mashine ya zamani ya maktaba: mbili zilifunguka. Zile nne zingine ni majedwali ya mavuno na vipimo vya udongo vya watu ambao wengi bado wako hai na namba zao tuko nazo. Kama kuna mtu mwenye mashine inayosoma CD vizuri, aandike hapa chini, tuanze na rafu ile kabla ya likizo.