Redio Kwizera na Kifaransa cha Buha

Redio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 wilayani Ngara, Tanzania, na JRS, shirika la Wajesuiti linalohudumia wakimbizi. Mwaka mmoja kabla yake, mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja tu, wakarundikana katika kambi ya Benaco. Wengi wao walikuwa wameisikia redio RTLM ya Kigali ikichochea mauaji kwa Kinyarwanda na Kifaransa. Kwa wasikilizaji wa namna hiyo, redio mpya ilikuwa na kazi ngumu ya kuaminika.

Desemba 1996 Wanyarwanda walirejeshwa kwao, lakini kituo hakikukosa wasikilizaji. Tangu Rais Melchior Ndadaye wa Burundi auawe tarehe 21 Oktoba 1993, Warundi walikuwa wakimiminika katika kambi za Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma: Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila na Muyovosi upande wa Kasulu. Mwishoni mwa 1996 Wakongo wa Kivu Kusini nao wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu. Matangazo yakafuata watu, yakashuka kusini kutoka Ngara hadi nyanda za Kigoma.

Kifaransa kilikuwa kimoja kati ya lugha tano za kituo, pamoja na Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kiingereza, na pengine ndicho kilichokuwa na masikio machache kuliko zote kasoro Kiingereza. Kirundi kilipita kambini na vijijini kwa mkupuo mmoja, maana Muha hahitaji mkalimani wa Kirundi. Tangazo la chanjo lililolenga Mtabila lilieleweka vilevile kwa mama aliyekuwa akipalilia maharage nje ya kambi. Sokoni, Mrundi aliyeuza mafuta ya msaada na Muha aliyeleta ndizi walipatana bei bila Kifaransa. Lugha hiyo ilikaa darasani. Shule za kambini zilifuata mitaala ya Burundi na Kongo, hivyo mwanafunzi wa sekondari Nyarugusu alisoma fizikia kwa Kifaransa ilhali jirani yake wa kijiji cha Makere aliisoma kwa Kiingereza. Kwa walimu, wauguzi na vijana hao, taarifa ya habari ya Kifaransa ilikuwa njia ya kutoachwa nyuma na kwao.

Baada ya Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi wa tarehe 28 Agosti 2000, Warundi walianza kurejea, na kambi zikafungwa moja baada ya nyingine; Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Kisha, Mei 2015, jaribio la mapinduzi lilishindikana Bujumbura, na redio binafsi za huko, zikiwemo RPA, Bonesha na Isanganiro, zikaharibiwa. Wakimbizi wakarudi Kigoma. Nduta ilifunguliwa upya Oktoba mwaka huo, Mtendeli Januari 2016, na shule za kambi hizo zikafundisha tena kwa mtaala wa Burundi. Mtendeli ilifungwa mwishoni mwa 2021, wakazi wake wakahamishiwa Nduta.