Tafakari ya Neno (Iringa)

Tafakari ya Neno ni desturi ya Wakristo ya kusoma kifungu cha Biblia pamoja na kukitafutia somo la maisha. Mkoani Iringa, walikohudumu Wamisionari wa Consolata kuanzia 1919 na ambako Walutheri nao ni wengi, hufanyika sana majumbani, familia jirani zikipokeana zamu. Kwa Wakatoliki mikutano hiyo ni Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976.

Njia inayojulikana zaidi ni Hatua Saba, iliyobuniwa na taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa moyo, kunyamaza, kushirikishana, kupanga la kutenda, kuomba. Hatua ya sita ndiyo yenye uzito, na ndiyo rahisi kurukwa saa zikienda. Mfano wa Msamaria mwema (Luka 10:25–37) waweza kuzaa zamu za kumhudumia mgonjwa au mchango wa msiba. Bila hatua hiyo, tafakari hubaki mazungumzo tu.