Kura 510 za Kiambaa, na Hesabu Ambayo Mlima Husahau

Jumamosi baada ya uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini nilienda kunyolewa hapa mjini Nyeri. Nilikaa kwenye kiti karibu saa nzima nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu. Kinyozi wangu alikuwa ameshika mashine juu hewani, inanguruma bure, anabishana na mzee mmoja aliyekuwa anangoja zamu yake.

Kinyozi: "Mlima umerudi kwa Ruto. 2027 imeisha hiyo."

Mzee: "Naibu Rais apige kambi kwa eneo bunge moja, halafu mshinde na kura mia nne na kitu? Huo ni ushindi ama ni kuponea?"

Matokeo yenyewe ni haya. Tarehe 27 Novemba 2025, Leonard Muthende wa UDA alipata kura 15,802. Newton Karish wa DP, aliyekuwa anaungwa mkono na Rigathi Gachagua na Justin Muturi, akapata 15,308. Tofauti ni kura 494. Watu wachache kuliko wale hujaa soko la Karatina siku ya soko.

Sasa, si vibaya kinyozi na mzee kubishana. Swali lao ni la maana: eneo bunge moja likiamua, nchi nzima inafaa isikie nini? Shida ni kwamba wote wawili walikuwa wanajibu kana kwamba tunaulizwa mara ya kwanza. Na Mlima tumeulizwa hili swali kabla mimi sijazaliwa.

Wacha nianze na karibu. Julai 2021 nilikuwa sekondari, na hata bwenini watu walikuwa wanaongea Kiambaa. Mbunge wao, Paul Koinange, alikuwa amefariki, kiti kikawa wazi. Kiambaa iko Kiambu, kaunti ya nyumbani ya Uhuru Kenyatta, ambaye wakati huo alikuwa Rais na kiongozi wa Jubilee. Kama kuna mahali chama tawala hakikufaa kuhangaika, ni hapo. Matokeo yakatoka: John Njuguna Wanjiku wa UDA 21,773, Kariri Njama wa Jubilee 21,263. Kura 510.

Kura 510 hazikubadilisha lolote Bungeni. Mbunge mmoja kati ya 349 si kitu. Zilichobadilisha ni kichwa cha mwanasiasa. Kila mbunge wa Jubilee huku Mlimani alilala usiku huo akijiuliza: kama Kiambaa imetoka mikononi mwa Rais, mimi ni nani? Juja ilikuwa imeshamkataa mgombea wa Jubilee miezi miwili kabla, lakini Kiambaa ndiyo iliyomaliza ubishi wa Kieleweke na Tangatanga. Waliokuwa wanakaa katikati wakaanza kutafuta wilbaro. 2022 ilipofika, tiketi ya UDA huku kwetu ilikuwa kama dhahabu, na mgombea mwenza wa Ruto akatoka Mathira, hapa hapa Nyeri.

Kwa hivyo ndiyo, uchaguzi mdogo unaweza kutikisa nchi. Lakini watu husimamisha hadithi hapo, na hapo ndipo hupotea. Ruto hakushinda 2022 kwa sababu ya Mlima peke yake. Alikuwa tayari na Bonde la Ufa. Mlima ulikuja juu ya kura zilizokuwepo, na bado alipata asilimia 50.49 tu. Kiambaa ilikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na mtu wa nje ya Mlima wa kujumlisha naye.

Ushindi wa nyumbani usio na wa kujumlisha naye, tunaujua pia. Uliza guka na cucu wangu.

Guka ni wa Othaya. Cucu alizaliwa Murang'a, akaolewa Othaya. Desemba 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini, guka alimpigia Kibaki wa DP. Cucu alimpigia Kenneth Matiba wa Ford Asili, mtu wa kwao, ambaye alikuwa amewekwa kizuizini 1990 kwa kudai vyama vingi. Walitoka nyumba moja, wakapanga foleni moja, wakarudi nyumbani kunywa chai moja. Huku kwetu KANU ilifagiliwa: haikupata hata kiti kimoja cha ubunge Mkoa wa Kati mzima. Ukitaka ushindi wa eneo, hakuna mkubwa kuliko huo.

Na Moi akabaki Ikulu. Alipata karibu asilimia 36, Matiba 26, Kibaki 19, Jaramogi Oginga Odinga 17. Cucu husema guka ndiye alimrudisha Moi. Guka husema ni cucu. Miaka zaidi ya thelathini na hawajasuluhishana.

Somo ambalo Mlima ulijifunza hapo ni moja: tuungane nyuma ya mtu mmoja. Bado unalisikia kwenye redio kila asubuhi. Lakini hebu tulipime.

1997 Matiba hakugombea. Mlima kwa kiasi kikubwa ukawa nyuma ya Kibaki, vile tu tulivyokuwa tumeambiwa. Akapata karibu asilimia 31. Moi 40. Tuliungana na tukashindwa.

2002 Mlima uligawanyika tena. Kibaki huku, Uhuru wa KANU kule, na Kiambu nyingi ikaenda na mtoto wao. Kwa hesabu ya "umoja kwanza" tulifaa tushindwe vibaya. Lakini Oktoba ya mwaka huo Raila Odinga alikuwa amesimama Uhuru Park akasema Kibaki Tosha, na Wamalwa na Ngilu walikuwa tayari ndani. Mtu wa Othaya akaingia Ikulu na karibu asilimia 62. Fikiria hilo vizuri. Mwaka tulioungana tulikosa, mwaka tuliogawanyika tukapata. Kilichobadilika hakikuwa Mlima. Kilichobadilika ni wale waliosimama na mtu wetu kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Pwani.

Halafu 2007. Mlima karibu wote nyuma ya Kibaki, lakini wenzetu wa 2002 wengi walikuwa wameshaenda kivyao. Matokeo yakapingwa, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Nilikuwa mtoto mdogo. Nakumbuka tu binamu zangu wakifika kutoka Bonde la Ufa usiku, na godoro moja. Sisi tulioshangilia huku juu tulikuwa salama. Waliolipa ni ndugu zetu walioishi mbali na nyumbani.

Sasa rudi kwa kinyozi na mzee.

Kinyozi, ushindi wa Mbeere si Kiambaa. Kiambaa ilishangaza kwa sababu aliyekuwa na serikali ndiye aliyeanguka. Mbeere aliyekuwa na serikali aliponea. Hiyo haiwezi kumtisha mbunge yeyote ahame chama kesho asubuhi.

Mzee, na wewe pole. Kiti hicho 2022 kilichukuliwa na DP, kupitia Geoffrey Ruku. Kwa hivyo upande wa Gachagua ulishindwa kulinda kiti, si kukosa tu kunyakua. Na Embu, Meru na Tharaka Nithi wanatuambia kitu ambacho sisi wa Nyeri hatupendi kusikia: Mlima si mmoja, na haujawahi kuwa. Tangu Senati imng'oe Gachagua Oktoba 2024 na Kindiki wa Tharaka Nithi akachukua nafasi yake, wako na mtu wao wa kuhesabu naye.

Katiba yenyewe inasema hivyo. Rais anahitaji nusu ya kura na moja juu, pamoja na angalau robo ya kura katika kaunti 24. Hata ukihesabu kila kaunti inayojiita ya Mlima, hufiki hata nusu ya hizo.

Kwa hivyo nikisikia ushindi wowote wa eneo, huku ama kwingine, najiuliza vitu viwili. Umemtisha nani? Na siku ya kusherehekea, walisema nini juu ya watu wengine? Kama jukwaani ni "sisi peke yetu", najua tumerudi 1997, ama mbaya zaidi, 2007.

Hii kitu si hadithi ya wazee kwangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. 2022 nilikuwa nimetimiza miaka 18 lakini kitambulisho hakikutoka kwa wakati, kwa hivyo 2027 ndiyo kura yangu ya kwanza. Juni 2024 vijana wa Nyeri na wa Nanyuki waliingia barabarani siku moja na wa Kisumu na wa Mombasa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka kaunti gani. Hiyo ilikuwa hesabu ya 2002, imefanywa na watoto, bila mwanasiasa hata mmoja jukwaani. Sitaki irudishwe kwa hesabu ya nani ndiye msemaji wa Mlima.

Kinyozi alimalizia upande wa pili mwishowe. Nilipotoka, yule mzee ndiye alikuwa kwenye kiti, na mashine ilikuwa imeshaanza kunguruma hewani tena.

Leo jioni mpigie guka ama cucu wako simu. Muulize 1992 alimpigia nani, na mwenzake alimpigia nani. Halafu uje uniambie.