Bastola ipi?

Vita vya Majimaji vikisimuliwa hapa Songea, afisa wa Kijerumani hakosi bastola kiunoni. Sawa. Ila mchoraji akimpa ile nyembamba yenye mpini ulioinama, Luger, amewahi mno. Mashujaa wa Kingoni walinyongwa mjini hapa Februari 1906; jeshi la nchi kavu la Ujerumani liliipokea Luger mwaka 1908, ingawa wanamaji wake walitangulia, 1904. Kabla ya hapo bastola rasmi ya jeshi hilo ilikuwa ya risasi sita, ya miundo ya 1879 na 1883.

Neno letu linazimeza zote mbili. Bastola, jamaa wa pistola ya Kireno, haiulizi risasi zinakaa wapi. Ile ya zamani huzibeba kwenye silinda inayozunguka. Ya Georg Luger huzipanga nane kwenye magazini, ndani ya mpini. Ukifyatua, msukumo unarudisha mtutu nyuma, kiungo cha juu kinakunjika kama goti, ganda linaruka nje, kisha springi inarudisha kiungo na risasi nyingine inaingia. Lakini kila risasi inadai kidole kivute upya, ndiyo maana wataalamu huiita nusu-otomatiki, jina ambalo, kwa masikio yangu, lina harufu ya karakana. Mimi ningeandika “bastola ya silinda” na “bastola ya magazini”, basi. Afisa wa 1906 apewe ya silinda.